Mwalimu Fiacre Ukumu na Vipepeo wa Usiku

Wapendwa mliokuja kulia pamoja na siye, mimi ni Xavier, mdogo wake, familia imenituma nisome maisha ya Mwalimu Fiacre Ukumu, na mahali nisipojua nitasema sijui.

Alizaliwa Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, tarehe 30 Agosti 1951, siku ya Mtakatifu Fiacre, mtoto wa kwanza wa Baudouin, muuza samaki, na mama Claire, akasoma shule ya msingi pale pale, sekondari hapa Bunia, kisha biolojia kwenye chuo cha ualimu Kisangani, na tangu Septemba 1976 alifundisha Bunia mpaka vita ilipofunga darasa lake.

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Régine, wakapata Priscille na Trésor, na shuka nyeupe za Régine ziliishia uani, kwa sababu usiku bwana yake alizitandaza mbele ya taa ya petroli, akingojea vipepeo wakubwa, wapana kama kiganja, wenye alama za macho kwenye mabawa, wale ambao siye tunakula viwavi vyao bila kuuliza vinakuwa nini. Kila mmoja alimwandika kwenye daftari, saa, mvua, dume ao jike.

Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2002, watu wenye bunduki waliiona taa.

"Weye muzee, unaita nani na hii taa?"

"Vipepeo."

"Vipepeo gani inakuja usiku?"

"Mungoje kidogo, mutaona."

Hawakungoja. Walimchukua, daftari likiwa mfukoni, akarudi Jumatatu na mbavu zimevunjika, na hakutuambia lolote.

Juzi tulifungua daftari lile. Siku zile tatu zimeandikwa, saa na mvua, majike wawili, dume mmoja, kwa mwandiko usio wake, na chini mtu ameandika, "Tumewaona." Walimpiga kabla ya kuwaona vipepeo, ao kisha kuwaona? Régine analia, Trésor amekasirika, na mimi sijui niwachukie watu hao namna gani.

Kuanzia Novemba alikohoa damu, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 28 Januari 2003, saa kumi ya alfajiri.

Tunawashukuru madaktari waliomhudumia bila dawa za kutosha, majirani waliotoka nyumbani huku risasi zikisikika, na walimu wenzake waliotafuta mbao za sanduku.

Kaka Fiacre, lala kwa amani ya Mungu, maswali utuachie siye.