Mama Sifuri, Muuguzi wa Simu za Jumatatu

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa injini. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Wadogo zake walimjua mapema: akikuita ukanyamaza, anakuja mwenyewe, na hapo ujue umekwisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1978. Chuo cha uuguzi alihitimu mwaka 1983 akiwa wa pili. Yule wa kwanza, alipenda kusema, alimshinda mwandiko tu.

Alianza kazi wodi ya watoto tarehe 1 Julai 1983. Mwaka 1990 akapewa dawati la kufuatilia magonjwa ya mlipuko: meza moja, simu moja na daftari lenye zahanati thelathini na moja. Kila Jumatatu alizipigia zote kuuliza kama kuna surua, kipindupindu au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingi jibu lilikuwa sifuri, naye akaandika sifuri, ukurasa baada ya ukurasa, hadi wenzake wakambandika jina la Mama Sifuri.

Alifunga ndoa na seremala wake Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1992. Jumatatu ya wiki ile zahanati moja haikupokea simu, na fundi nguo alikuwa anamngoja ajaribu gauni. Akaandika sifuri, akaondoka. Kumbe surua ilikuwa imeshaingia pale. Ilipojulikana, wiki tatu baadaye, watoto wanne walikuwa wamefariki. Hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyejua. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake akasema. Tangu hapo zahanati isiyojibu aliiandika "kimya", kisha akafunga safari kwenda kuona. Hata nyumbani tabia hiyo haikumwacha. Mumewe alikuwa akilalamika, "Nikinyamaza kwenye kochi dakika kumi tu, huyu hapa na kipimajoto!"

Jumatatu, tarehe 20 Aprili 2009, zahanati iliyo karibu na machimbo ya mawe haikujibu. Dereva wa hospitali akasita.

"Mama, mafuta ya kurudi hayatoshi."

"Ya kwenda je?"

"Ya kwenda yapo."

"Basi twende. Ya kurudi tutayajua hukohuko."

Walimkuta muuguzi mmoja na wagonjwa kumi na tisa wa kipindupindu, wengine sakafuni. "Simu naisikia, dada," akasema, "ila mikono ni hii miwili tu." Mama Sifuri akaitumia simu hiyo kupiga hospitali, na jioni ileile zikafika dripu na klorini kutoka kabati la dharura, lile ambalo Mama Sifuri alilikagua kila mwezi huku wenzake wakimcheka kwamba anasubiri mgeni asiyekuja. Wagonjwa wote kumi na tisa walipona. Baada ya hapo wilaya nyingine zilituma watu wao wajifunze kwake, na somo la kwanza alilowapa lilikuwa habari ya wale watoto wanne.

Alistaafu Machi 2021. Agosti 2022 aligundulika na ugonjwa wa figo, akaupokea bila makelele. Mwezi uliopita aliomba asomewe wasifu huu. Mdogo wake, anayeusoma leo, alikuwa ameiruka habari ya surua.

"Wale wanne umewaweka wapi?" akauliza.

"Dada, ni msiba. Watu watakuwa wanalia."

"Waache walie kwa jambo la kweli."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Nyumba ni kubwa mno bila yeye.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo zake wawili. Ameacha pia mama mmoja asiye wa damu yetu, aliyempoteza binti wa miaka mitatu katika surua ile. Marehemu alikwenda kwake kukiri kosa, akafungiwa mlango. Mwaka uliofuata akarudi, na uliofuata tena, hadi siku moja akakaribishwa ndani. Juzi mama huyo alikuja kukaa na wafiwa, akaona karatasi hii inamaliziwa kuandikwa.

"Niandikeni na mimi," akasema.

"Tukuandike kama nani, mama?"

"Dada yake."

Tumemwandika. Zamu ya marehemu imekwisha. Apumzike kwa amani.