Bi. Auleria na Bomba Lililopinda Mbezi Beach

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Auleria Mbawala anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutembea polepole. Ndiyo kazi yake hasa: kabla nguzo ya umeme haijasimikwa au mtaro wa bomba haujachimbwa, yeye hupita kwanza, macho chini, kuangalia kama waliotutangulia wameacha kitu. Ukimkuta Kimara asubuhi akikatiza uwanja wa watu, utadhani amesahau anakokwenda.

Alianza mwaka 1994. Mwezi wa kwanza tu aliokota vigae kumi na saba kule Kawe, akavifunga kimoja kimoja na kuandika kuwa ni vya kale mno. Mwenye uwanja alipoviona alicheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa mtungi wake, ulivunjika kwenye harusi ya bintiye! Tangu hapo Bi. Auleria hapimi kitu kabla ya kupiga hodi na kuwauliza kina mama wa mtaa ni wapi wanawakataza watoto kucheza.

Mwaka 2016, Mbezi Beach, swali hilo lilituponza. Ramani ilionyesha kiwanja kitupu, mtambo wa kuchimba umeshafika, na wakazi wamesubiri maji miaka tisa. Bi. Tunu, mwenyeji wa siku nyingi, akaonyesha vichaka: “Mie mwanangu wa kwanza kalala humu humu, ila sijui tena wapi.”

Bi. Auleria akasimamisha kazi. Mkandarasi alifoka, wakazi walimnunia, na ofisini ikaandikwa barua ya kutaka aondolewe. Siku tatu alikwangua udongo kwa mwiko na brashi, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Siku ya tatu ukatokea mstari mfupi wa mawe ya matumbawe. Hakuchimba zaidi. Alivua viatu, akakaa kando na Bi. Tunu mpaka adhuhuri.

Bomba likapindishwa mita sita, maji yakachelewa wiki tano. Yalipofunguliwa, Bi. Tunu alikinga ndoo ya kwanza, akaenda kulinyunyizia kaburi la mwanawe. Waliokuwa wamenuna wakaacha ndoo zao kwenye foleni, wakamfuata.

Asante, Bi. Auleria. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu. Barua ile niliiandika mimi, nawe ulijua, na kesho yake ulinimiminia chai kama kawaida.

Praygod Massawe, Kitengo cha Mipango