Kovu Halishikwi

Katika basi la Kibenga liendalo ziwani, kwenye kiti kilicho mbele yangu, mama kijana aliyempakata mtoto alimwambia jirani yake, mama mtu mzima mwenye hijabu, kwamba kovu la operesheni ya uzazi lingali linamuuma, mwaka wa pili sasa.

“Kine, ule muganga wa mazoezi ya mwili, ananifundisha kulisukuma na vidole kila siku. Mara ya kwanza nililia. Sikukuwa nimeligusa hata nikioga.”

“Kovu haishikwi, binti yangu. Unafunga kitenge nguvu, unanyamaza.”

“Kine amekataza hicho kitenge, mama.”

“Watoto wa shule hao!”

Nilidhani tutahubiriwa mpaka ziwani. Basi likasimama. Mama mwenye hijabu akainuka, akajishika chini ya kitovu, akangoja maumivu yapite.

“Mi nilifunga kitenge tangu kumuzaa Seifu kwa operesheni,” alisema. “Leo Seifu ana watoto tatu.”

Akashuka polepole.