Shangazi Aleyamma na Kazi Ambazo Hatukuzijua

Baba Kasisi, ndugu na majirani, poleni na msiba. Mimi ni Ancy. Baba yangu ni mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome wasifu huu, na aliyeniomba ni marehemu mwenyewe. Humu mna maneno ambayo hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa. Baba ameketi mstari wa mbele. Nivumilieni.

Marehemu Aleyamma alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Ranni, Kerala, mtoto wa kwanza wa Mzee Ninan na Bi Saramma. Alisoma hapo hapo Ranni, akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1976. Hakuulizwa. Fomu ilijazwa na Babu, yeye akaambiwa apange sanduku.

Tarehe 7 Januari 1985 alifunga ndoa na Mzee Kunjumon Varkey. Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 1991 walihamia hapa Adelaide. Alifanya kazi wodini miaka tisa, kisha akarudi darasani mtu mzima, akawa mshauri wa wanafunzi kuhusu kazi katika shule moja ya sekondari huku Salisbury, hadi alipostaafu mwaka 2021.

Jumapili moja baada ya ibada aliwagawia vijana wetu arobaini na mmoja karatasi, waandike kila kazi wanayoijua. Zikapatikana sita: daktari, nesi, injinia, mfamasia, mhasibu, mtu wa kompyuta. Kijana mmoja akaongeza ya saba: mume wa nesi. Mzee Kunjumon, aliyeingia nchi hii kwa viza ya mkewe, alicheka hadi chai ikampalia. Shangazi hakucheka. Wiki iliyofuata alileta ukumbini mfuga nyuki, baadaye mchora ramani, kisha mzamiaji anayetengeneza magati. Wazazi wakanuna.

Mama mmoja, yupo hapa na simtaji, alimwambia mbele ya watu, "Dada Aleyamma, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wako angekuwapo, ungempeleka kwa nyuki?"

"Ningeogopa kama wewe," Shangazi akajibu. "Ila ningemuuliza kwanza."

Mlimwona jasiri. Mimi ndiye niliyekuwa naye garini siku ile. Alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Aliogopa kwamba siku moja mtoto wa watu ataharibikiwa kwa ushauri wake, na wazazi waje kumgongea mlango.

Baba, mtoto mwenyewe ni mimi. Karatasi inasema Ancy ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne. Uliandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokudanganya. Niliacha nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa natapika kila asubuhi kabla ya darasa, na niliyemwambia ni dada yako peke yake. Hakunituma niache. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilifanya kitu bila hofu. Nikamwambia, siku Bibi Saramma alipofariki, tulipomwosha na kumvika.

Shangazi akasema, "Kwa kazi hiyo, baba yako atatuua sote wawili."

"Basi tuache?"

"Nimesema atatuua. Sijasema tuache."

Mwezi Septemba 2024 Shangazi aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki yake ya mwisho aliniuliza nani atamvika. Nikamwambia wapo watu wengine kazini kwangu. "Watu gani hao? Wanajua kukunja sari? Utanivika wewe, halafu usome wasifu, useme aliyenivika ni nani. Usinizike pamoja na uongo." Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Tangu jana mnapita kwenye jeneza mkisema amependeza, kama amelala. Baba, hata wewe ulisema waliomwandaa wana mikono ya heshima, ukataka uonyeshwe uwashukuru. Nilikuwa nyuma yako. Ni mimi. Nilimwosha, nikamchana nywele, nikamvika sari yake ya harusi. Huu ni mwaka wa pili naifanya kazi hiyo, na hapa nilipo naogopa kuinua macho nikutazame.

Marehemu ameacha mume, Mzee Kunjumon. Mdogo wake, Thankachan. Wifi yake, Jessamma, mama yangu. Wanafunzi wengi waliosambaa nchi hii. Na Ancy, mwandaa maiti, ambaye hajui kama jioni hii atafunguliwa mlango wa kwao.

Pumzika salama, Shangazi. Ndugu zangu, naomba mnipishe kidogo. Saa ya kufunga jeneza imefika, na anayelifunga ni mimi.