Walisema Nimechanjwa Tu

Wamama wenzangu, na ninyi wazee mliokaa nyuma, Mungu awape amani. Leo sitaanza na wimbo. Nikiimba nitalia, na sikuja hapa kulia. Nina hasira, na mchungaji ameniruhusu nije nayo hivyo hivyo.

Wengi mnanijua. Nimezaliwa Lumino, nimeolewa Kisoko, nauza mukene sokoni Busia, zile samaki ndogo ambazo ng'ambo, upande wa Kenya, wanaita omena. Tumbo langu la chini lilianza kuuma polepole. Mara nameza dawa ya malaria, mara ya minyoo. Kisha likavimba. Ndugu zangu, nawaambia, watu wakanipongeza! Mama mkwe akanichinjia kuku. Mtoto hakuja, na maneno yakageuka. Wakasema nimeitoa mimba. Wengine hapa hapa kanisani wakaniambia nifunge na kuomba, ni laana ya kwetu. Msitazame chini. Mlisema.

Nikaenda hospitali Tororo. Wakanipiga picha ya tumbo, daktari akaniambia nina uvimbe wenye maji kwenye vifuko vya mayai, pande zote mbili. Akasema, "Mama, hatutakupasua tumbo lote. Tutatoboa matundu madogo, tuingize kamera na vyuma vyembamba, tuutoe." Na kweli wakautoa. Nilipoamka, bega ndilo liliniuma kuliko tumbo. Nesi akacheka, akasema ni ile hewa waliyonipulizia ndani, itatoka. Akaniagiza mbele ya mume wangu: pumzika, usibebe kitu kizito mpaka tukuone tena.

Basi nikarudi nyumbani. Wifi yangu akaomba kuona. Nikafunua. Plasta tatu ndogo. Akapiga makofi!

"Hii ndiyo operesheni? Huyu amechanjwa tu! Mimi walinipasua kutoka hapa mpaka hapa, nikazaa, na mahindi nikapalilia."

Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa pale. Hakucheka, lakini hakusema neno. Nesi alimwambia kwa kinywa chake, na yeye akanyamaza! Hicho kimya, wamama, kiliniuma kuliko kile chuma.

Tangu hapo nikawa mvivu wa boma. Nikilala, najifanya. Nikitembea nimejikunja, nadeka. Siku wageni walipokuja, wifi akanisukumia jerikeni. "Mgonjwa wa plasta, maji yamekwisha." Nikaenda kisimani. Nikajitwisha. Kwenye kipandio cha kutoka kisimani nikasikia kitu kinaachia hapa kitovuni, nikafika nyumbani nguo imelowa, na si maji peke yake.

Kidonda kikaoza. Homa ikanishika, natetemeka juani. Mume wangu anasema tungoje kidogo. Tungoje nini?

Aliyeniokoa ni jirani yetu, mama wa Kiislamu, mke wa dereva wa lori. Alikuja kuazima ungo. Akasikia harufu kabla hajaniona. Akainua shuka, akatoka uani akapaza sauti mpaka barabarani wakasikia:

"Baba! Huyu mwanamke mnamzika lini? Niambieni nipike!"

Mume wangu akatoka mbio. Wakanipakia bodaboda, yule mama akinishika kwa nyuma, mpaka Tororo. Nesi ni yule yule. Alipokuwa ananisafisha alimgeukia mume wangu.

"Alibeba nini?"

"Maji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo."

"Ndani amekatwa, baba. Wewe unapima ugonjwa kwa ngozi?"

Mume wangu akalia. Mimi sikumbembeleza. Nilimwambia, "Machozi yako sitayafuta mimi. Tukirudi, utaongea mbele ya watu wako."

Na aliongea. Tuliporudi alimwita mama yake na dada yake, akasema, "Huyu hatabeba kitu. Maji nitachota mimi." Akachota, mbele ya wanaume wenzake. Wakasema nimemlisha dawa. Akaendelea kuchota.

Leo nimepona. Nimerudi sokoni na mukene zangu. Mkiniuliza mtoto yuko wapi, nitawajibu: nilikwenda kuondoa ugonjwa, sikwenda kununua mtoto.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule nesi, na jirani yangu ambaye hasali hapa lakini alinifanyia ambayo sisi tunaosali hapa hatukufanya. Mume wangu namshukuru pia, maana alichelewa lakini alifika. Wifi yangu hajaniomba msamaha. Siku akiomba tutaongea. Msinisukume.

Nawaachia neno moja: kwa maumivu ya mtu, mwaminini yeye mwenyewe, msingoje kuona kovu. Na kama kuna dada hapa tumbo linamuuma na ameambiwa anadeka, anisubiri pale mlangoni tukimaliza. Nitakwenda naye hospitali mimi mwenyewe. Atakayetucheka njiani, safari hii atanijibu mimi.