Ndege ya Getini

Ndani ya basi, mshona viatu alijifanya amesinzia, kumbe masikio kayatega kwenye kiti cha mbele, ambako fundi wa ndege za doria ya bahari alikuwa akibanwa na mama mmoja.

"Zimezeeka, mama. Tumezistaafisha."

"Na mpya?"

"Mwakani, wanasema."

"Kwa hiyo mwaka mzima bahari ijilinde yenyewe? Mwanangu yuko melini huko!"

Fundi akashusha sauti, jambo ambalo ndani ya basi huwaamsha hata waliolala kweli. "Ile moja waliyoiweka kwenye geti la kambi iwe ukumbusho, kila Ijumaa naiwasha injini. Wakisema iruke, inaruka."

Mama akacheka mpaka machozi. "Yaani unahudumia sanamu!"

Basi likasimama getini. Fundi akashuka na kopo lake la grisi. Mama akachungulia dirishani, hacheki tena.

"Baba! Na matairi usiyasahau!"