Kichomi na Jina la Kuazima

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mnisamehe nikisimama huku nimeshika benchi. Magoti yangu ni mazima, pumzi ndiyo bado naitumia kwa hesabu. Miezi mitatu iliyopita nisingeweza kutoka pale mlangoni hadi hapa mbele bila kukaa njiani. Leo nimeimba mapambio yote matatu, tena kwa sauti ya kuwaudhi wanakwaya. Mungu wetu ni wa ajabu! Nimetafuta neno lingine la kusema, sikulipata.

Mnanijua kama Mama Skola. Skola ni binti yangu, anapika katika kambi ya watu wa gesi. Mimi ni mtu wa Newala, ng'ambo ya Ruvuma, na nina miaka sitini na minane. Nilivuka kuja hapa Palma mwaka ule habari za gesi zilipoanza kuvuma, binti yangu alipopata kazi na mtoto mchanga kwa wakati mmoja. Nikafunga kanga zangu na sufuria moja, nikaja kulea. Nilisema nitakaa miezi sita. Ndugu zangu, mjukuu huyo sasa anakwenda shule na ananisahihisha Kireno changu!

Karatasi ya kuishi hapa sikuwa nayo. Nasema wazi, maana mbele za Mungu hakuna pazia. Nilivuka mto kama bibi zangu walivyovuka, kwa mtumbwi na salamu. Lakini mji ulivyozidi kujaa wageni na maofisa, nikaingiwa na hofu. Nikimwona mtu amevaa sare, hata awe mlinzi wa ghala, nageuza njia. Hofu yangu ilikuwa moja: nirudishwe ng'ambo, na mjukuu abaki peke yake nyumbani mama yake akiwa zamu kambini.

Sasa, nina jirani yangu, Bi Sauda, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa pwani. Vyumba vyetu vinagawana ukuta mmoja wa udongo, na ukuta huo hauna siri. Alipogundua kwamba nikiumwa siendi hospitali, alinijia juu.

"Dada, wataka kufa kwa woga? Chukua kadi yangu. Ukifika kule, wewe ndiye Sauda."

Akanieleza kwamba wakati wa vita vya kumtoa Mreno, yeye akiwa msichana, watu wa kwao walikimbilia upande wetu. Mama yake aliugua huko, akatibiwa kwa jina la mwanamke wa Newala aliyewapokea. Kwa hiyo kwake lilikuwa jambo la wema, na kwangu pia. Unamwazima mwenzio jina kama unavyomwazima kinu, akimaliza kutwanga anarudisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa.

Basi miaka mitatu nikawa Sauda. Malaria, Sauda. Presha, Sauda. Mimi, mama wa kanisa, nikisikia "Sauda Momade!" nainuka kwenye benchi haraka kuliko mwenyewe. Mnacheka? Chekeni, hata mimi nilikuwa nacheka. Uongo ukishakuzoea unakuwa kama ndugu wa nyumbani, humwoni tena anapoingia na kutoka.

Ndipo ikaja habari ya chanjo. Watu wa afya walipita wakitangaza kwamba wazee waliovuka miaka sitini watachomwa sindano ya kuzuia homa ya mapafu, hiki tunachokiita kichomi. Wako waliosema ni sindano ya kutupunguza sisi wazee ili ardhi ibaki ya gesi. Mimi nikasema, anayetaka ardhi yangu aanze kwa kunionyesha iko wapi! Sindano ile niliitaka kwa moyo wote. Dada yangu aliyenifuata alikufa kwa kichomi kule Newala, mkono wake umo mkononi mwangu. Nakijua kinavyokuja.

Jumatatu Bi Sauda akaenda, akachanjwa. Akarudi anajisifu haikuuma. Jumatano akanipa kadi, nami nikaenda. Ndugu zangu, wanawake wawili wazima, wenye wajukuu, na hakuna aliyefikiri! Muuguzi akaifungua kadi, akanitazama.

"Bibi Sauda, umeshachanjwa juzi. Hii ni ya mara moja. Nenda nyumbani, uko salama."

Nilisimama pale na mkono wa blauzi nimeshaupandisha begani. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mimi siye Sauda. Matatu! Hayakutoka. Niliona watanikamata, niliona mto, nilimwona mjukuu wangu mlangoni. Nikashusha mkono wa blauzi, nikasema asante, nikaondoka. Huo ndio woga wangu, nauleta mbele yenu jinsi ulivyo.

Mvua zilipoanza, kikohozi kikaja. Nikakifanya rafiki, nikakinywesha tangawizi. Wiki ya pili ikaja homa. Kisha, siku moja alfajiri, nikasikia kisu ubavuni, hapa kulia. Kila nikivuta pumzi kinachoma. Nikajaribu kumwita Bi Sauda, sauti ikaishia kooni. Skola alikuwa kambini, mjukuu alikuwa ameshatoka kwenda shule akidhani nimelala. Nikasema moyoni, Bwana, ni kile kile cha dada yangu.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mungu! Asubuhi hiyo Bi Sauda alikuwa ameshaondoka, jembe begani, anakwenda shambani kwake kule Mute. Alikuwa ameshafika barabarani anangoja gari. Akakumbuka jambo. Kila asubuhi kwa wiki mbili nilikuwa namwamsha kwa kikohozi changu, na alikuwa ananilaani, kama anavyoniambia mwenyewe. Siku ile hakukisikia. Gari likaja, likasimama mbele yake, yeye akageuka akarudi. Nani alimgeuza? Mimi najua ni nani!

Alinikuta nimeegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Akaniweka kwenye pikipiki ya shemeji yake, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia ili nisianguke. Na kwa mazoea, ndugu zangu, kwa mazoea tu, akachukua kadi.

Hospitali walinipokea haraka. Daktari akasikiliza kifua, akasema ni homa ya mapafu, imekamata upande mzima, aanzishiwe penisilini sasa hivi. Muuguzi akaanza kuandaa sindano, yule yule wa siku ya chanjo. Kisha akafungua kadi, na mkono wake ukasimama. Mle ndani, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwamba Sauda Momade asichomwe penisilini. Miaka ya nyuma Bi Sauda alichomwa, akavimba uso na koo, akaponea chupuchupu.

Wakaanza kuzungumza juu yangu kwa Kireno, haraka haraka. Niliyoyashika ni machache. Dawa nyingine ya kufaa ilikuwa imekwisha siku hiyo. Pemba ya huku, kwenye hospitali kubwa, ni mbali. Barabara ina matope. Nikamwona daktari anatikisa kichwa. Nilitaka kusema. Nafasi ile ya maneno matatu imerudi, na sasa sina pumzi ya hata moja! Mnaelewa nilivyolia? Machozi hayahitaji pumzi. Nilisema moyoni, Bwana, nilipokuwa na pumzi sikusema, sasa nisemee wewe.

Bi Sauda alikuwa amesimama miguuni pangu. Kireno alikijua kuliko mimi. Alijua kabisa kwamba akifungua mdomo, aliyeazimisha kadi ya serikali ni yeye. Angeweza kunyamaza. Akavua ushungi usoni, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Huyu siye Sauda. Sauda ni mimi. Mchomeni."

Ndugu zangu, nimeomba katika kanisa hili miaka mingi, nimefunga, nimekesha, lakini sijawahi kuwa karibu na Mungu kama dakika ile, katika kinywa cha mwanamke aliyeswali alfajiri akielekea Makka! Nilipata baridi mwili mzima, na haikuwa ya homa.

Muuguzi akamuuliza, "Basi huyu anaitwa nani?"

Bi Sauda akanigeukia. Hakujua! Miaka mitatu tunagawana ukuta, kinu na jina lake, na langu hakulijua. "Mama Skola," akasema, na akaanza kulia.

Muuguzi akainama hadi sikioni kwangu. Akasema taratibu, "Bibi, nipe jina lako. Umewahi kuvimba kwa sindano? Tikisa kichwa kama hapana." Nikatikisa kichwa. Nikavuta kile kipande cha pumzi kilichobaki, kikanichoma ubavuni, nikasema: "Paulina." Akaandika. Nilikuwa nangoja swali linalofuata, nilikuwa nalingoja tangu nivuke mto. Halikuja. Kilichokuja ni sindano.

Nililala pale siku tisa. Siku ya nne nilikula uji wa Bi Sauda nikaulalamikia kwamba hauna sukari, akajua nimepona. Muuguzi alitugombeza wote wawili, tukainamisha vichwa kama wasichana. Nikamuuliza kwa aibu, je, siku ile ya chanjo ningesema mimi ni mtu wa ng'ambo, ingekuwaje? Akanishangaa. Akasema, "Ningekuandikia kadi mpya, Bibi. Nilikuwa natafuta umri, sikuwa natafuta ulikozaliwa." Ndugu zangu, niliilia kauli hiyo kuliko nilivyolilia ubavu!

Nilipopata nguvu aliniita, akanichanja. Hakunidanganya: aliniambia sindano hii haifungi kila mlango wa kichomi, ila inafunga ile mikubwa, na kwamba nikikohoa tena nisikae na tangawizi. Na karatasi za kuishi nimeanza kuzishughulikia pamoja na Skola. Bado napangishwa foleni, bado sare zinanitisha, lakini nakwenda na kujibu ninapoitwa.

Namshukuru Mungu aliyemgeuza mwanamke barabarani. Namshukuru Bi Sauda, aliyekubali kuaibika ili mimi nipumue. Na sasa nasema na wenzangu, maana nawajua. Mko humu ndani, mmevuka mto kama mimi, mmefuata watoto waliofuata gesi. Mna miaka sitini, sabini, na mkiugua mnakwenda kwa majina ya watu. Msidhani Mungu hawaoni, anawaona na anawapenda! Mwaminini, na muwe na ujasiri wa maneno matatu. Jumatano asubuhi muuguzi yupo, chanjo bado ipo, nimemuuliza mwenyewe. Nitatembea na yeyote anayeogopa, polepole, maana hata mimi sikimbii.

Mimi naitwa Paulina Nandonde. Na wewe, mama, hapo nyuma, unayeinamisha uso, unaitwa nani?